Kiporo, stika na friji ya wazee: uzi kwa sisi tunaofanya kazi kwenye nyumba za wazee Marekani

#1 BintiLushoto

Wadau, habari za saa hizi. Nimetoka shifti ya asubuhi, miguu inauma, lakini naandika kabla sijalala maana jambo hili limenikaa kifuani muda mrefu.

Niko Minnesota, mwaka wa tisa sasa, jikoni kwenye nyumba ya wazee. Nilianza na kuosha vyombo, nikawa msaidizi, sasa ni mpishi wa asubuhi. Najua humu tuko wengi wa kazi hizi, CNA (wasaidizi wa manesi), manesi, wapishi na wasafishaji, ndiyo maana nalileta hapa.

Leo nimetumwa kukagua friji ya wodi, ile ndogo inayokaa kwenye chumba cha vitafunio karibu na kaunta ya manesi. Nimekuta vyombo 11. Vinne havina jina wala tarehe. Kimoja kina jina la mzee aliyefariki wiki mbili zilizopita. Kimoja ni chakula cha mchana cha mfanyakazi. Nyuma kabisa, ndani ya mfuko wa dukani, kulikuwa na kalamu ya insulini imelala ubavuni mwa kipande cha keki. Karatasi ya joto iliyobandikwa mlangoni ilikuwa imejazwa mpaka Jumapili. Leo ni Ijumaa.

Nimesimama pale mlangoni wa friji nikamkumbuka mama. Sisi tumekulia kiporo. Maharage ya jana ndiyo matamu, kila aliyelelewa kwetu anajua. Asubuhi unachemshiwa kiporo na chai ya rangi, unakimbia shule. Hakukuwa na stika. Mama alifunua sufuria, akanusa, akasema kula au mpe mbwa. Kwa hiyo nilipofika huku nikakuta kila bakuli lina kipande cha karatasi chenye tarehe, niliona ni mbwembwe za wenye mali. Na hakuna aliyenieleza kwa nini. Niliambiwa "bandika" nikabandika.

Sababu nilikuja kuijua mwaka wa tatu kwenye mafunzo ya usalama wa chakula. Kuna bakteria anaitwa Listeria. Wengi tuliozoea kuwasikia hulala chakula kikipoa. Huyu anaendelea kuzaliana taratibu humo humo ndani ya friji, na chakula hakibadiliki harufu, rangi wala ladha. Pua ya mama haimwoni. Kijana mzima anaweza kumla akaharisha kidogo au asihisi kitu. Bibi wa miaka 88 mwenye figo dhaifu, au babu anayetumia dawa za saratani, bakteria yule anaingia kwenye damu na kufika kwenye ubongo.

Wengi mtakumbuka Februari 2025, serikali ya hapa ilipotangaza mlipuko wa Listeria kwenye sheki za kuongeza lishe, zile tunazozitoa kwenye friza na kuwapa wazee wanaokonda. Tangazo lilisema watu 38 katika majimbo 21, na 12 walikuwa wamekufa. Wagonjwa wa kwanza walirudi nyuma hadi 2018, na wengi wao walikuwa kwenye nyumba za wazee au wamelazwa hospitali. Sheki zile nilikuwa nazigawa kwa mikono yangu kila siku saa 4 asubuhi. Siku ile nilikaa kwenye gari nusu saa kabla ya kuwasha.

Sasa kanuni ya siku 7 inatokana na huyu Listeria. Chakula kilichopikwa au kufunguliwa, kinachoharibika, kikikaa zaidi ya saa 24 lazima kiwe na tarehe, na mwisho wake ni siku 7 kwenye nyuzi 41 za Fahrenheit au chini yake, yaani 5 za Selsiasi. Siku ya kupika ndiyo siku ya kwanza. Hapa wengi wanakosea: supu ya Jumatatu mwisho wake ni Jumapili, si Jumatatu nyingine. Na ukichanganya vitu, tarehe inayotawala ni ya kile cha zamani zaidi. Kuku wa Jumatatu ukimtia kwenye saladi ya Alhamisi, saladi yote ni ya Jumatatu. Nyumba nyingi zimejiwekea siku 3 tu kwa viporo. Kama yenu inasema 3, ni 3.

Na sasa lile lililonifanya niandike. Mwaka wangu wa kwanza, mwenzangu mmoja wa siku nyingi alinipa bakuli la saladi ya samaki wa kopo na mayonezi. Stika ilisema ilipaswa kutupwa jana yake. Akaniambia: bandua hiyo, weka mpya, wakaguzi wa jimbo wako njiani. Nikabandua. Nikaandika tarehe ya siku ile. Mchana ile saladi ikaenda kwenye sandwichi za wazee.

Hakuna aliyeugua ninayemjua. Lakini ugonjwa huu unaweza kujificha wiki kadhaa, na mzee wa miaka 90 akipata homa na kuchanganyikiwa, nani atakumbuka sandwichi ya mwezi uliopita? Tangu hapo nasema hivi kwa kila mgeni anayeanza kazi: chombo kisicho na stika kinatupwa, chombo chenye stika ya uongo kinaliwa. Bora usiandike kabisa kuliko kuandika uongo.

Kwenu mnafanyaje? Karibuni.


#2 Mchungahewa

Naweka kambi hapa. Mimi naanza kazi Jumatatu, msaidizi wa jikoni, Iowa. Dada tiririka.


#3 MwanaKisauni

BintiLushoto, ahsante sana dadangu. Mimi ni CNA, Texas, mwaka wa sita. Nyongeza yangu ni chakula kilichosagwa.

Wasiofanya kazi hizi waelewe: wazee wengi waliopata kiharusi au wenye ugonjwa wa kusahau hawamezi vizuri, kwa hiyo nyama, mboga, hata mkate vinapitishwa kwenye blenda mpaka viwe laini kama uji mzito. Kikishasagwa, chakula hakina sura. Cha kijani chaweza kuwa njegere, chaweza kuwa spinachi. Cha kahawia chaweza kuwa ng'ombe, bata mzinga au nguruwe.

Kwangu kuna mzee Mwislamu, mtulivu, haongei tena. Siku moja nimechukua sahani yake ya akiba kwenye friji ya wodi, kibakuli cha kahawia kimefunikwa plastiki, kimeandikwa tarehe tu na neno "nyama". Nyama gani? Nikapiga simu jikoni. Aliyekuwepo hakukipika yeye. Akamuuliza mwenzake. Dakika kumi baadaye jibu likaja kuwa ni nguruwe. Mzee yule angekila, maana akifunguliwa mdomo anapokea. Hana namna ya kukataa. Mimi nimelelewa Kisauni, na siku ile nilihisi ni babu yangu mwenyewe aliyeponea tundu la sindano.

Kwa hiyo wapishi, tafadhalini, tarehe peke yake haitoshi. Andikeni NI NINI. Na mzio pia. Mzee mwenye mzio wa karanga au ufuta hawezi kuiona karanga ndani ya kitu kilichosagwa. Ufuta nao umeingia kwenye orodha ya mizio mikubwa ya Marekani tangu Januari 2023, sasa iko tisa, na bado nakutana na watu jikoni wanahesabu nane.


#4 Msemakweli_DFW

Wakuu nawaheshimu, lakini tuseme ukweli. Stika ni za wakaguzi. Nimefanya kazi nyumba tatu tofauti. Ukaguzi ukikaribia utaona menejimenti inanunua maboksi ya stika, makapeni mpya, kipimajoto kipya kila friji. Wakaguzi wakiondoka, mwezi mmoja, tumerudi palepale. Jikoni tuko wawili kwa wakazi 90. Unasukuma toroli la chakula cha jioni, simu inalia, mzee anataka kahawa, CNA anataka sandwichi. Nani ana muda wa kuandika insha kwenye bakuli la pudingi? Atakayelaumiwa ni mimi wa dola chache kwa saa, si yule aliyepunguza watu.


#5 BintiLushoto

Msemakweli kaka, sikupingi kuhusu uchache wa watu. Wawili kwa 90 ni mzigo mtu habebi, na mwenye kupanga hivyo ana la kujibu. Liandikeni kwa maandishi, tunzeni nakala.

Lakini kuhusu stika ni za nani, hapo tutofautiane. Mkaguzi huja labda mara moja kwa mwaka. Shifti ya jioni inakuja kila siku. Ninapoandika "supu ya kuku, Mei 4" ninaongea na wewe wa jioni ambaye hatutaonana, nimeshaondoka zangu. Bila stika wewe unabaki na pua tu.

Kuhusu muda, kwetu tulifanya jambo dogo likasaidia. Makapeni tuliifunga kwa kamba kwenye mpini wa friji, na gombo la stika likaning'inizwa pembeni. Zamani kalamu ilikuwa ofisini kwa supavaiza, mtu aende arudi. Sasa sekunde tano. Tukakubaliana pia kwamba mfuniko haufungwi kabla ya kuandika. Na stika haibandikwi kwenye mfuniko, inabandikwa ubavuni mwa chombo. Mifuniko inabadilishana kama viatu vya msikitini.


#6 Mpishi_Mkongwe

Nimepita hapa nikaona nisiache. Nina miaka 17 kwenye fani hii, sasa nasimamia jiko la nyumba yenye vitanda zaidi ya mia, nje kidogo ya Boston.

BintiLushoto ameeleza stika vizuri, mimi naomba nirudi nyuma hatua moja. Stika safi juu ya chakula kilichopozwa vibaya haina kazi. Hapo ndipo majiko mengi yanapoanguka. Mtu anapika sufuria kubwa ya maharage, saa 7 mchana anaifunika, anaisukuma friji nzima nzima, anabandika tarehe, anaenda nyumbani na moyo mweupe. Katikati ya ile sufuria kesho asubuhi bado ni vuguvugu. Kanuni inasema: kutoka nyuzi 135 hadi 70 (57 hadi 21 za Selsiasi) ndani ya saa 2, kisha kutoka 70 hadi 41 ndani ya saa 4 nyingine. Zile saa 2 za kwanza ndizo za hatari kuliko zote, maana hapo katikati ndipo bakteria wanapozaliana kwa kasi. Ukishindwa kufika 70 ndani ya saa 2, pasha upya hadi 165 (74) uanze tena, au mwaga.

Namna ya kufanya: gawa kwenye trei za kina kifupi, vidole viwili au vitatu, usifunike kabisa mpaka kipoe, weka juu ya barafu, koroga. Tuna zile chupa ndefu za plastiki zinazojazwa maji na kugandishwa, unakorogea nazo supu. Maharage mazito na uji hushika joto kuliko mchuzi mwepesi, yape trei nyembamba zaidi. Halafu andika saa kwenye stika, si tarehe tu, mpaka kishuke hadi 41.

Jambo la pili ni kemikali. Agosti 2022, San Mateo, California, kwenye makazi ya wazee, wakazi watatu walipelekwa hospitali baada ya kupewa sabuni ya kuoshea vyombo wakidhani ni juisi. Mama wa miaka 93 alikufa. Mimi nikisoma habari ile nilienda stoo usiku uleule kwa miguu yangu. Kwangu hakuna kemikali inayomiminwa kwenye jagi la kinywaji, hata kwa dakika moja, hata kama "nairudisha sasa hivi". Chupa ya kunyunyizia iwe na jina lake, na rafu yake iwe mbali na chakula, chini, kamwe isiwe juu ya chakula.

Na kwa wale wanaosema hakuna anayeugua: Septemba 1985, London ya Ontario, Kanada, bakteria aitwaye E. coli aliingia nyumba moja ya wazee. Sandwichi ndizo zilizoshukiwa. Kati ya wakazi 169 waliugua 55, na 19 kati yao walikufa. Wafanyakazi 18 waliugua pia. Hesabu hiyo naiandika ubaoni kila ninapopokea wafanyakazi wapya. Ninawaachia waisome kimya.


#7 Mchungahewa

Mpishi Mkongwe, shikamoo. Swali la mgeni: nikiweka kitu friza, zile siku 7 zinaanza upya kikitoka?


#8 Mpishi_Mkongwe

Marahaba. Hapana. Friza inasimamisha saa, haiirudishi sifuri. Kama kilikaa friji siku 3 kabla ya kugandishwa, kikiyeyuka kimebakiwa na siku 4. Ndiyo maana stika ya friza lazima iwe na tarehe ya kupika, tarehe ya kugandisha na tarehe ya kutoa.

Zile sheki za lishe zina hesabu yake, soma pakiti. Nyingi huandika siku 14 tangu kuyeyuka, kwa hiyo tarehe ya kuzitoa friza lazima ionekane. Na usitupe katoni mapema. Namba ya toleo mara nyingi iko kwenye katoni. Tangazo la kurudisha bidhaa likija na sheki zako ziko zimemwagwa kwenye kikapu bila katoni, huna la kulinganisha, utabaki unazitazama tu.


#9 PapaBukavu

Jambo wote. Aksanti kwa hii uzi. Mimi sifanyi kazi ya wazee, niko Maine, kazi yangu ni kiwanda. Lakini shangazi yangu yuko ndani ya nyumba ya wazee miezi saba sasa, na nina maumivu.

Shangazi hali chakula chao. Amekonda. Kila siku ya Mungu, Jumapili, baada ya kanisa, mke wangu anapika sombe (majani ya muhogo) na bugali na sambaza (samaki wadogo) kidogo, tunamupelekea. Siku hiyo anakula, anacheka, anaanza kuimba nyimbo za Bukavu. Tunaacha nyingine kwenye friji ili ale kesho. Wiki iliyopita tulikuta wametupa yote. Nesi akasema haina lebo. Mke wangu alilia kwenye gari. Kwetu kutupa chakula cha mzee ni kama kumutupa yeye mwenyewe. Je, wana haki? Wanaweza kutukataza?


#10 BintiLushoto

Papa Bukavu, pole sana, na mpe pole mama wa nyumbani. Kilio chake nakielewa kabisa. Mimi ninayetupa chakula kila siku bado mkono unakuwa mzito, nimefundishwa kuokota punje ya wali iliyoanguka mkekani.

Kukukatazeni moja kwa moja hawawezi. Kanuni za serikali kuu kwa nyumba za wazee zinasema wazi kwamba mkazi hazuiwi kula chakula kisichotoka jikoni kwa nyumba ile. Na tangu marekebisho makubwa ya 2016, kila nyumba inatakiwa iwe na sera ya maandishi kuhusu chakula kinacholetwa na familia na wageni, jinsi ya kukihifadhi na kukitumia kwa usalama. Wakaguzi wanaliita hilo F813. Ombeni hiyo sera kwa karatasi. Ombeni kwa upole, kwa mkuu wa manesi au mtu wa ustawi wa jamii, na mwulize pia nani atamsaidia shangazi kupasha.

Lakini bakuli lisilo na jina wana haki ya kulitupa, hata mimi ningelitupa. Yule nesi hakujua ni la nani, la lini, wala ndani kuna nini. Sombe yenu ina karanga?


#11 PapaBukavu

Ndiyo, karanga na mafuta ya mawese.


#12 BintiLushoto

Basi ona. Kuna wazee wenye kusahau wanaofungua friji ile wakala chochote. Mmoja akiwa na mzio wa karanga, bakuli la kijani lisilo na maandishi ni hatari kwake.

Jumapili fanyeni hivi. Pikeni kama kawaida, lakini sehemu ya kubaki muitenge mapema mpoze nyumbani, kwenye vibakuli vidogo vya mlo mmoja mmoja, si bakuli kubwa. Safari ikiwa ndefu tieni mfuko wa barafu. Kila kibakuli kiandikwe: jina la shangazi, namba ya chumba, "majani ya muhogo, karanga, samaki", tarehe ya kupika na tarehe ya kutupa. Nyumba nyingi hutoa siku 3 kwa chakula cha familia, kwa hiyo cha Jumapili kiishie Jumanne au kama sera yao inavyosema. Andikeni kwa lugha yao. Mkifika msikiweke friji wenyewe kimyakimya, mkabidhini nesi mkononi aone.

Na ulizeni kama shangazi ameandikiwa chakula laini au kinywaji kilichofanywa kizito. Kama anameza kwa shida, miiba ya sambaza na bugali linalonata vinaweza kumkaba. Mtaalamu wa kumeza anaweza kumpima kwa chakula chenu hasa. Mwambieni ana hamu ya sombe, si kila siku mtu analeta habari ya kwamba mgonjwa ana hamu.


#13 MwanaKisauni

Papa, nyongeza kuhusu tarehe, maana hili limetukuta sisi sote watu wa kwetu. Sisi tunaandika siku kwanza halafu mwezi. Wao mwezi kwanza. Ukiandika 04/05 ukimaanisha Mei 4, wao wanasoma Aprili 5, wanatupa siku hiyohiyo. Na kinyume chake ni kibaya zaidi, kitu cha Aprili 5 mgeni anakisoma ni cha Mei anakiacha mwezi mzima. Kwenye kitengo changu kuna Wakenya, Wafilipino, Wahaiti na Wanigeria. Tulikubaliana mwezi uandikwe kwa herufi, siku zote. MAY 4. Haina ubishi.


#14 MtotoWaNgamiani

Hodi jamani. Mimi niko Tanga, nimeingia nikitafuta habari za kumlisha mama. Ana miaka 84, alipata kiharusi mwaka jana, namhudumia nyumbani. Hatuna nyumba ya wazee ya namna hiyo, na hata ingekuwepo nisingempeleka. Lakini nimesoma yote haya nikapata hofu. Uji wa mama naupika alfajiri kabla ya kwenda dukani, nauweka kwenye chupa ya chai, msichana anampa saa 4 na tena saa 9 alasiri. Wali wa nazi wa usiku anaupata mchana wa kesho yake. Umeme unakatika ovyo. Mara tatu tangu mwezi wa Ramadhani ameharisha sana, na kila akiharisha anaishiwa nguvu wiki nzima. Daktari alisema tumbo tu.


#15 Mpishi_Mkongwe

Mdogo wangu, Mungu akulipe kwa kumtunza mama. Kilichomharisha lazima akitazame daktari, na mwambie daktari hayahaya uliyotuambia hapa. Lakini nikitazama ratiba yako naona sehemu mbili za kurekebisha kesho.

Uji. Chupa ya chai nzuri inashika moto saa chache, lakini uji ukishuka chini ya nyuzi 57 za Selsiasi umeingia kwenye joto wanalolipenda bakteria. Wa saa 4 asubuhi huenda bado una moto. Wa saa 9 alasiri umekaa uvuguvugu nusu siku nzima. Msichana apike mpya ule wa alasiri, uji ni dakika 15. Kama haiwezekani, acha unga umepimwa na maji yamepimwa, yeye achemshe tu. Chupa isuguliwe ndani mpaka shingoni na kwenye mpira wa kifuniko, ikaushwe ikiwa wazi.

Wali ndio mkubwa zaidi. Kuna bakteria wa wali, Bacillus cereus, mbegu zake hazifi kwa kuchemka. Wali ukikaa sufuriani usiku kucha mezani, zinaamka, zinatoa sumu, na sumu ile ya kutapisha haivunjiki hata ukiupasha mpaka uungue. Nazi nayo inaharakisha kuchacha. Kwa mama, wali wa nazi uliokaa nje usiku usipewe kabisa. Ukitaka kuubakisha, utandaze kwenye sinia, upoe haraka, ingiza friji ndani ya saa moja au mbili, kesho upashwe mara moja tu mpaka utoe mvuke kila mahali.

Umeme ukikatika usifungue friji. Ikiwa imefungwa inashika baridi kama saa 4. Friza iliyojaa kama siku 2, iliyojaa nusu ni siku 1. Zaidi ya hapo, vya mama vitupe, vya wengine amueni wenyewe. Na nunua kipimajoto cha friji, kiweke rafu ya katikati ndani ya glasi ya maji ili kisirukeruke ukifungua mlango. Kisome asubuhi kabla mtu hajafungua.


#16 Msemakweli_DFW

Nimesoma uzi wote tena leo mapumziko. Niseme moja. Jana usiku baada ya kazi nilimkuta CNA mgeni amebeba bakuli la tapioka kutoka friji yetu, ananiuliza kama ni ya leo. Halikuwa na kitu. Nililitengeneza mimi mwenyewe na sikuweza kukumbuka ni la Jumanne au la Jumatano. Nililimwaga. Kumi na mbili zilizobaki nazo nikazimwaga, maana zote zilikuwa sinia moja.

Suala la watu wachache sijaliacha. Tumeandika barua, tumesaini sita. Na kamba na kalamu nimeifunga leo asubuhi, nimenunua kwa pesa yangu.


#17 BintiLushoto

Kaka, ahsante. Nakala ya barua iweke nyumbani, usiiache kwenye kabati la kazini.

Na mimi nina la kuripoti. Ile karatasi ya joto iliyojazwa mpaka Jumapili nilimpelekea msimamizi bila kutaja jina la mtu. Sasa kila friji inasomwa na watu wawili wa shifti tofauti, kila mmoja anasaini na kuandika saa. Siku ya pili tu friji ya wodi ya mashariki ilisoma nyuzi 47 za Fahrenheit. Mpira wa mlango umechanika. Ukiangalia karatasi za nyuma, miezi miwili yote imeandikwa 38, 38, 38. Vyote vilivyokuwa ndani tumetupa, na familia nne tumezipigia simu kuwaeleza. Simu moja nilipiga mimi. Binti wa yule bibi alinyamaza, halafu akauliza kama ataruhusiwa kuleta tena saladi ya viazi ya mama yake Jumamosi. Nikamwambia alete, nitampokea mwenyewe na stika mkononi.


#18 PapaBukavu

Jumapili tumeenda na vibakuli vitatu. Mtoto wangu wa darasa la nne ndiye ameandika lebo zote, kwa herufi kubwa. Nesi amepokea, ameweka kwenye rafu ya juu. Leo Jumanne nimepiga simu, wanasema amekula cha mwisho mchana na ameomba kingine. Mtaalamu wa kumeza atamuona Alhamisi.


#19 MtotoWaNgamiani

Mpishi Mkongwe, nimenunua kipimajoto juzi. Leo saa 12 na nusu asubuhi, kabla ya mtu kufungua, friji inasoma nyuzi 11 za Selsiasi. Mimi nilikuwa nadhani inafanya kazi kwa sababu maji yanatoka ya baridi. Samaki wa mama nimempeleka kwa jirani kwenye friza yake, amefungwa na ameandikwa. Fundi anakuja saa 8 mchana. Uji wa alasiri msichana anaupika mpya tangu jana, na mama ameumaliza wote.